Telemetri inakwama mezani na shambani inakata: ninunue redio ya wati moja?

"Habari za kazi fundi. Niko Mbarara, nimeunda droni ya propela nne kwa bodi ya Pixhawk na ArduPilot, nataka iwe inapiga picha shamba la ndizi la mjomba kule Isingiro. Nilinunua redio mbili za telemetri za megahezi 915 kule Kampala. Nikichomeka droni kwa USB, programu ya Mission Planner kwenye laptopu inashika bila shida. Nikitumia redio, taa za kijani zinatulia pande zote mbili lakini mara nyingi inaniandikia No Heartbeat Packets Received, siku nyingine inashika halafu inakwama ikisoma parameta. Shambani ikifika kama mita 200 hivi inakata kabisa. Draiva nimeshaweka tena na tena. Muuzaji aliniambia 915 ina nguvu kuliko 433, sasa anasema niongeze pesa nichukue ya wati moja. Ninunue? Na hii telemetri ikikatika droni iko hewani, si itaangukia watu?"

Za kazi njema ndugu yangu, na asante kwa kueleza hivi, maana wengi wananiandikia tu "telemetri imekataa" halafu wanategemea niotee. Wewe umetaja taa, umetaja maneno yaliyotokea kwenye skrini, umetaja umbali, kwa hiyo hata kabla sijaiona hiyo droni kuna mengi tunaweza kuyafuta. Jibu la pesa nakupa kwanza: hiyo ya wati moja usinunue, angalau si sasa. Una shida mbili tofauti, moja iko mezani na nyingine iko shambani, zimekuja pamoja zikaonekana ni ugonjwa mmoja, na kuongeza nguvu ya kutuma hakutibu ya mezani hata kidogo, ya shambani kutaifunika tu kwa muda.

Lakini tuanze na hofu yako ya mwisho kwa sababu hiyo inahusu usalama wa watu. Kama unarusha kwa rimoti ya mkononi yenye risiva yake kwenye droni, hiyo ni njia nyingine kabisa, haipiti kwenye redio ya telemetri. Telemetri inaleta habari chini, betri imebaki ngapi, GPS inaona setilaiti ngapi, droni iko juu kiasi gani, na inapeleka juu zile amri unazobofya kwenye laptopu. Ikikatika, Pixhawk haijui hata kushtuka, inaendelea kuishikilia droni hewani, kama iko kwenye misheni ya AUTO inaendelea na misheni, na rimoti yako bado inasikilizwa. Haianguki. Kinachoamua ifanye nini ni parameta inayoitwa FS_GCS_ENABLE, kwenye ArduCopter kawaida inakuja ikiwa 0, yaani imezimwa. Ukiiweka 1, droni iliyokuwa inaisikia laptopu halafu ikaikosa kwa sekunde 5 hivi itaamua yenyewe kurudi ilikopaalia. Mimi kwako ningeiacha 0 mpaka tumalize kutibu hii redio, la sivyo kila ikikohoa droni itageuza njia katikati ya kazi, ila hii ni kwa sharti kwamba rimoti iko mkononi na failsafe ya rimoti (kile droni inachofanya ikiikosa rimoti) umeijaribu. Anayerusha kwa laptopu peke yake bila rimoti lazima aiwashe, hakuna mjadala hapo.

Na tukiwa hapohapo kwenye kurudi nyumbani, angalia RTL_ALT, yaani kimo cha kurudia nyumbani, maana Isingiro naijua ilivyo na vilima. Kiwandani ni 1500 na hiyo ni sentimita, kwa hiyo ni mita 15, tena zinahesabiwa kutoka pale ulipopaalia, si kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Ukipaa chini bondeni na shamba linapanda mlima, mita 15 hizo zinaweza kuwa ndani ya udongo wa kilima. Pandisha kulingana na mahali palipo juu kabisa, ongeza na miti.

Sasa taa ya kijani. Hapa ndipo wengi wanapotea na si kosa lao, mtu akiona kijani anajua mambo yako sawa. Kwenye redio hizi za aina ya SiK, kijani ikiwa inawakawaka ni kwamba redio inamtafuta mwenzake, ikitulia ni kwamba zimeonana. Basi. Haisemi kama laptopu inaongea na redio ya chini, haisemi kama Pixhawk inaongea na redio ya juu. Njia yote ni hii: programu, tundu la USB na draiva, redio ya chini, hewa, redio ya juu, waya, mlango wa TELEM1, halafu Pixhawk. Kijani kilichotulia kinakuthibitishia kipande kimoja tu, cha hewa. Na pale USB inaposhika vizuri, imekuthibitishia programu ni nzima na Pixhawk ni nzima, lakini TELEM1 haijaguswa bado kwa sababu USB ni mlango mwingine.

Cha kukusaidia zaidi ni taa nyekundu, ambayo hata hukuitaja. Nyekundu inamulika redio inapotuma data. ArduPilot ikishawaka inatuma pakiti ya HEARTBEAT, yaani ujumbe mfupi wa "niko hai", kila sekunde moja kwenye mlango wa telemetri, haisubiri kuombwa. Kwa hiyo washa droni kwa betri, USB ya droni usiichomeke, kijani kitulie, halafu tazama nyekundu ya redio iliyo kwenye droni. Kama haimuliki kabisa, hakuna kitu kinachotoka Pixhawk kuingia redioni, shida iko kwenye waya au mpangilio wa TELEM1, na unaweza kubadilisha draiva mpaka mwakani hutapata kitu. Kama inamulika lakini laptopu inasema hakuna heartbeat, mara nyingi shida iko upande wa laptopu. Dakika moja tu na umeshaondoa nusu ya mashaka.

Upande wa laptopu makosa ni machache. Mission Planner ina kisanduku cha COM (namba ya mlango wa laptopu) na cha kasi, juu kulia. USB ya Pixhawk watu wanaitumia na 115200, redio ya telemetri ni 57600, na ukitoka kutumia USB jana halafu leo ukachomeka redio, kile kisanduku kinaweza kuwa bado kimekumbuka 115200. Hilo peke yake linatosha kukupa yale maneno ya No Heartbeat. Usitumie AUTO, chagua namba ya COM mwenyewe: fungua Device Manager, chomoa redio uone ni COM gani imepotea, chomeka irudi, hiyo ndiyo yako. Hakikisha QGroundControl au programu nyingine haiko wazi nyuma, maana COM moja haishikwi na programu mbili. Draiva iache kupumzika sasa, COM ikishaonekana bila alama ya njano draiva imemaliza kazi yake. Ikiwa ina alama ya njano, au inaonekana kwenye laptopu moja na nyingine inaikataa, hapo uliza chipu ya USB iliyomo, kwa sababu sokoni kuna chipu bandia nyingi, na mwaka 2014 kampuni ya FTDI ilishawahi kutoa draiva iliyozifanya chipu bandia zisitambulike kabisa na kompyuta, watu wakadhani mashine zao zimekufa.

Lakini wewe siku nyingine inashika, kwa hiyo waya za kutuma na kupokea hazijageuzwa, na parameta za TELEM1, yaani SERIAL1_PROTOCOL na SERIAL1_BAUD, ziko sawa (ya kwanza iwe 1 au 2, ya pili iwe 57, angalia tu kuhakikisha). Kitu kinachoshika leo na kugoma kesho kwangu kinanukia waya. Ule waya wa TELEM una nyuzi sita: umeme wa volti 5, kutuma, kupokea, CTS, RTS na ardhi. Zile mbili za CTS na RTS ni za kuambiana "ngoja kidogo nimejaa" na "haya leta". Waya za bei rahisi mara nyingi zina nne tu, au zina sita lakini moja haijabanwa vizuri ndani ya plagi. ArduPilot inapowaka inajaribu kutambua yenyewe kama hizo mbili zipo, na uzi ukiwa unagusa na kuachia, siku nyingine itatambua hivi na siku nyingine vile. Jaribio ni rahisi: weka BRD_SER1_RTSCTS iwe 0, zima washa droni, uone kama sasa inashika kila mara. Ikitulia basi umempata mchawi, badilisha waya uweke wa nyuzi sita mzima halafu uirudishe 2. Usiiache 0 milele kama unaweza kupata waya mzuri, maana bila hizo nyuzi redio ikijaa data inamwagika tu, na hiyo inaonekana kwako kama parameta zilizokwama.

Kuhusu parameta zenyewe: ArduCopter ina parameta zaidi ya elfu moja. Kwa USB zinakuja kwa sekunde chache, kwa redio usishangae ikichukua dakika nzima hata kila kitu kikiwa kizima, kwa hiyo kwanza hakikisha imekwama kweli na si kwamba wewe umechoka kusubiri. Redio inatumia kasi ya hewani ya kilobiti 64 kwa sekunde na inaigawa kwa zamu kati ya kwenda na kurudi, halafu ukikuta ECC imewashwa jua nusu ya hiyo kasi inaliwa na marekebisho ya makosa. Ukiona inasongwa, punguza zile parameta za SR1 zinazopanga kila habari iletwe mara ngapi kwa sekunde, huhitaji mwelekeo wa droni mara kumi kwa sekunde ili kupiga picha za ndizi.

Na kuna hili ambalo halisemwi sana: usijaribu redio zikiwa mezani zimekaribiana kama ndugu mapacha. Milliwati 100 kwa umbali wa nusu mita inaizidi risiva nguvu, inaiziba, na unapata pakiti zilizoharibika wakati kila kitu ni kizima. Weka droni chumba kingine au nje mita tano sita, au shusha TXPOWER, yaani nguvu ya kutuma, wakati wa majaribio. Ila antena usitoe ukidhani ndiyo njia ya kupunguza nguvu, redio inayotuma bila antena unaweza kuiua.

Mwisho kwa ya mezani, linganisha mipangilio. Ndani ya Mission Planner kwenye Setup, sehemu ya Optional Hardware, kuna ukurasa wa SiK Radio. Kitufe cha Connect usikibofye kwanza, nenda moja kwa moja kwenye Load Settings, maana ukishaunganisha droni hizo redio ziko kazini na hazitakujibu. Redio mbili zitaonekana, ya kwako na ya mbali. Net ID, Air Speed, ECC, Mavlink, idadi ya chaneli na masafa ya chini na ya juu, vyote vifanane, na toleo la programu ya ndani liwe moja. Kwako kijani kinatulia kwa hiyo yaliyo mengi yanafanana tayari, lakini hakikisha Mavlink, yaani mpangilio wa lugha ya droni na laptopu, haiko 0, kwa sababu bila hiyo hutapata namba za kelele ambazo ndizo nataka uzisome shambani.

Tuhamie shambani sasa, na hapa nina neno na huyo muuzaji. 915 haina nguvu kuliko 433. Redio hizi ndogo, ya 433 na ya 915, zote zinatuma milliwati 100. Kwa nguvu sawa na antena za aina moja, 433 ndiyo inafika mbali, tofauti ni kama desibeli 6.5 ambayo kwenye uwanja wa wazi ni karibu mara mbili ya umbali, na ndani ya majani mabichi yaliyojaa maji kama ya ndizi tofauti inazidi kuwa mbaya kwa 915.

Kubwa zaidi ni pale 915 inapoangukia huku kwetu. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, iligawa dunia kanda tatu za redio, Afrika na Ulaya ziko Kanda ya 1, Amerika ni Kanda ya 2. Ile nafasi ya megahezi 902 hadi 928 imeachiwa vifaa vidogo kule Kanda ya 2. Kwetu 880 hadi 915 ndiko simu zinakotuma kwenda kwenye mnara, na 925 hadi 960 ndiko mnara unakotuma kuja kwenye simu. Sasa redio ya SiK ya 915 inatoka kiwandani imewekwa kuanzia 915 hadi 928 na inarukaruka kwenye chaneli 50 humo ndani. Piga hesabu mwenyewe, 925 hadi 928 ni megahezi 3 kati ya 13, karibu robo ya miruko yake inatua ndani ya nafasi ambayo minara inatangaza usiku na mchana kwa nguvu ambayo kidude chako hakiwezi kushindana nayo. Kama kuna mnara kwenye kilima jirani na shamba la mjomba, basi hizo mita 200 zimejieleza. Na si wewe tu unayeumia, wewe nawe unamsumbua mwenye leseni ya hiyo nafasi, na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ina haki ya kukuchukulia hatua kwa hilo. Wapo watakaokushauri ushushe MAX_FREQ, yaani mwisho wa juu wa masafa, ili ubaki chini ya 925. Itapunguza kelele kweli, lakini hujahamia kwenye nafasi ya bure, umehamia tu kwenye kona nyingine ya nafasi ambayo si yako.

Kwa hiyo rudisha hizo, uchukue jozi ya 433. Hiyo inafanya kazi kati ya 433.05 na 434.79, ambayo kwa Kanda ya 1 ndiyo nafasi iliyotengwa kwa vifaa vidogo vya namna hii. Usikubali kuambiwa tutabadilisha programu tu iwe 433, ndani ya redio kuna vichujio na vipande vilivyochaguliwa kwa masafa yake, na antena pia. Nguvu ya juu inayoruhusiwa waulize UCC wenyewe. Nchi nyingi za Ulaya kwenye 433 wanaishia milliwati 10, na hata ukiambiwa hivyo usivunjike moyo, milliwati 10 kwa nafasi ya wazi inafika mbali kuliko macho yako yanavyoweza kuifuata droni. TXPOWER inashushwa palepale kwenye ukurasa wa SiK.

Ukishika jozi mpya, pima antena kwa rula. Robo ya wimbi kwa 433 ni sentimita 17 na kidogo, kwa 915 ni 8 na kidogo. Kuna antena zilizokunjwa ndani ya plastiki zikawa fupi kwa hiyo rula haitoshi peke yake, angalia na maandishi, lakini nimeshaona mara nyingi redio ya 433 imeuzwa na antena ya 915 ndani ya mfuko mmoja. Chungulia pia katikati ya skrubu ya antena na ya redio: moja iwe na pini na nyingine iwe na kitundu. Kuna aina mbili, SMA na RP-SMA, zinafungana vizuri kabisa kwa skrubu lakini ukizichanganya unapata vitundu viwili vinatazamana bila kugusana. Unafunga, inakaza, inapendeza, na umeme wa redio hauendi popote. Inashika ndani ya nyumba na inakufa kwa mita mia au mia mbili, kama yako.

Halafu kelele. Ukitaka kuongea na mtu katikati ya soko la Owino siku ya Jumamosi, kusikika hakutegemei sauti yako tu, kunategemea na wanaopiga makelele pembeni ya sikio lake. Ndiyo sababu naikataa hiyo wati moja. Kutoka milliwati 100 hadi wati moja ni desibeli 10, kwa hesabu ya karatasi umbali unaongezeka mara tatu na kitu, lakini ukiiweka kwenye laptopu peke yake unakuwa umeongeza sauti ya kwenda tu, ya kurudi imebaki vilevile, na unachokihitaji wewe ni habari za kurudi. Ukiiweka pande zote mbili, ile ya juu inakunywa karibu ampea nzima inapotuma, TELEM1 haiwezi kuibeba, lazima uipe umeme wake, la sivyo unaweza kuvuta chini volti ya Pixhawk ikiwa hewani. Hapo ndipo droni inaanguka kweli.

Kelele inapimwa, usiibahatishe. Kwenye Mission Planner, ukurasa wa kwanza chini, kuna Status, humo utaona rssi (nguvu ya mawimbi inayopokelewa) na noise (kelele) za redio ya chini, remrssi na remnoise za redio iliyo kwenye droni. Chukua rssi toa noise, gawa kwa 1.9, unapata desibeli za akiba ulizonazo. Kila desibeli 6 zinakuruhusu kuzidisha umbali mara mbili. Mfano ukiwa mita 100 na rssi ni 120, noise ni 90, tofauti 30, hiyo ni desibeli 16 hivi, na kwa kuwa redio yenyewe inahitaji kama 10 za kusikilizana vizuri, umebaki na kuzidisha mara mbili moja tu. Ukiwa umbali uleule na noise ikashuka hadi 50, tofauti inakuwa 70, desibeli 37 hivi, umepata nafasi kubwa mno bila kuongeza hata milliwati moja.

Jaribio lenyewe fanya hivi: propela zitoe zote, na hilo silisemi kwa mazoea, zitoe. Droni iwe mbali mita kumi, washa Pixhawk na redio tu, soma remnoise. Washa kamera, soma. Washa kitu cha kutuma video, soma. Washa mota polepole, soma. Namba itaruka kwenye kitu fulani, na hicho ndicho adui wako. Mara nyingi ni kigeuza volti cha bei rahisi au kitu cha video kilichofungwa kwa gundi bega kwa bega na redio. Sogeza redio ikae mwisho wa mkono wa droni, antena ining'inie chini isifunikwe na fremu, maana fremu ya kaboni inaziba mawimbi, na iwe mbali na GPS. Upande wa chini, laptopu yenyewe ni mpiga kelele mkubwa. Usichomeke redio moja kwa moja kwenye ubavu wa laptopu, tumia waya wa USB wa mita moja na nusu au mbili, ifunge redio juu ya mti au fimbo, antena isimame wima, na ile ncha isiielekee droni kwa sababu antena ya fimbo haitumi chochote cha maana kupitia ncha yake. Ile kuinua si mapambo. Kwa umbali wa kilomita moja kwenye 433 mawimbi yanahitaji nafasi yenye nusu kipenyo cha kama mita 13 pale katikati ya safari, si mstari mwembamba wa macho, kwa hiyo ukiwa umekaa chini ya migomba na laptopu magotini, unaiona droni vizuri lakini nafasi yote ya chini imejaa majani.

Ungeweza pia kuchukua kidude cha Wi-Fi cha ESP8266, ni rahisi na kwa kazi za mezani mimi nakipenda, kinaongea kupitia mlango wa UDP 14550, ukikosa kuona kitu kawaida ni ukuta wa usalama wa Windows umekizuia. Lakini kiko 2.4 gigahezi pamoja na rimoti nyingi, shambani sikushauri. Na nikwambie kitu ambacho muuzaji hawezi kukwambia: kwa picha za shamba moja la ndizi unaweza kufanya kazi hata bila telemetri. Misheni unaipakia kwa USB kabla ya kupaa, droni inaenda AUTO, rimoti mkononi, na kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya Pixhawk uje ukisome jioni. Telemetri inakusaidia kuona betri na kubadili mpango njiani, na mimi naiona ina thamani yake, lakini usikope pesa kwa ajili yake.

Kama umefanya ya mezani yote, taa nyekundu ya juu inamulika, 57600 iko sawa, waya ni mpya wa nyuzi sita, na bado inagoma, acha kubuni na utafute mkono wa mtu. Hapo Mbarara MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, wana watu wa uhandisi wa umeme, omba mtu mwenye osiloskopu akutazamie kama data inatoka kwenye pini ya TELEM1 na kama volti 5 inabaki 5 redio inapotuma. Ukisikia harufu ya kuungua, au Pixhawk ikajizima na kuwaka yenyewe hata mara moja, usirushe tena mpaka mtu ameishika. Kibali cha kurusha ni cha UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda, hicho ukishughulikie kabla ya majaribio ya shambani, na kama unajaribu karibu na mji angalia usiwe upande wa kiwanja cha ndege cha Nyakisharara. Ukimpelekea fundi au ukiniandikia mimi tena, ambatisha faili ya tlog, yaani kumbukumbu ya telemetri, ya siku iliyokata na picha ya ukurasa wa SiK, zile namba nne za rssi na noise zikiwa humo ntakuambia ni upande gani bila hata kuiona droni.